Kadi Inalia, RAM Imenyamaza

Ukitaka kujua Turwa, hapa Tarime, ina mabingwa wangapi wa kompyuta, nunua mpya, halafu igande mbele ya watu.

Hii yangu sikuinunua nzima. Niliiunga kipande kwa kipande ili niwe nahariri video za harusi na sendoff. Madabodi na pawasaplai vilitoka Kariakoo, vikapanda basi pamoja na mabegi ya wanafunzi. Kadi ya grafiki na RAM moja nilichukua Luthuli, Nairobi, maana sisi wa Tarime tukishavuka mpaka wa Sirari, Nairobi iko karibu kuliko Dar. RAM ya pili niliiongezea Mwanza. Kila muuzaji aliniapia kwamba kifaa ni kipya. Kweli vilikuwa vipya.

Sasa unafungua video. Bibi harusi anainua kipande cha keki amlishe mama mkwe, mkono unagandia hewani. MC naye anakwama kwenye "kari-kari-kari", mausi haisogei, dawa ni kubonyeza swichi mpaka izime. Juu ya hapo, kadi ya grafiki inalia. Si feni, ni kilio chembamba, ukifungua gemu kinapanda, ukisogeza ukurasa kinabadilika, utadhani humo ndani kuna mzee anakaza nyuzi za litungu.

Binadamu akiona ubovu na kusikia kelele, hahitaji ushahidi mwingine. "Mura, kadi hiyo ni mtumba, wamekupiga," akasema wa kwanza. Dogo wa steshenari akasema ni joto, ongeza feni. Joto! Tarime hii ya kuamka na koti? Basi, kwa kuwa aliongea kama daktari, nikaongeza feni mbili. Ikaganda vilevile, safari hii kwa ubaridi kabisa.

Mzee mmoja akasema ni umeme. Huyo nilimwelewa, kwa sababu ukuta wa pili yuko fundi wa kuchomelea, na kila akigusa chuma balbu yangu inafifia. Nikasubiri siku fundi amekwenda msibani Nyamongo. Mtaa kimya, mita inasoma 230, balbu inawaka vizuri. Kompyuta ikaganda.

Windows yenyewe hutunza kumbukumbu za matukio, nikaenda kusoma. Nikakuta Kernel-Power, namba 41: kompyuta imewaka tena bila kuwa imezimwa vizuri. Asante sana. Aliyeizima ni mimi, nilikuwepo.

Kuwapigia wauzaji ndiyo usiseme. Wa madabodi akasema angalia RAM. Wa RAM akasema pawasaplai. Wa pawasaplai akasema kadi. Wa kadi, kule Nairobi, akacheka: "Boss, hiyo ni stima ya huko kwenu." Ukinunua kompyuta nzima unapata mtu mmoja wa kugombana naye. Ukiunga mwenyewe unapata ukoo mzima, na kila mmoja ana shahidi.

Aliyeninusuru ni MemTest86, programu ya bure inayokaa kwenye flashi. Inawaka kabla ya Windows na kuandika na kusoma RAM yote, polepole, usiku kucha. Asubuhi nikakuta mistari myekundu. Nikachomoa RAM moja: safi. Nikaweka ile nyingine peke yake: safi. Zikikaa pamoja, nyekundu tupu. Zote gigabaiti 16, zote zimeandikwa kasi ya 3600. Lakini kasi hiyo huipati mpaka uwashe mpangilio wa XMP kwenye BIOS, na kiwanda hupima pamoja zile RAM zilizotoka kwenye boksi moja tu. Hizi zangu zimekutania Turwa, hazijuani. Nikazishusha mpaka 3200, kiwango cha kawaida cha DDR4. Wekundu ukaisha, na mama mkwe akapata keki yake.

Na kadi? Inalia mpaka leo, na haiumwi. Ndani yake kuna koili za waya wa shaba. Umeme unakatwa na kurudishwa humo mara nyingi mno kwa sekunde, nyaya zinatetemeka, ndiyo hiyo sauti. Kinachoudhi ni kwamba inalia zaidi kwenye menyu ya gemu, ambako hakuna kazi yoyote: kadi inachora mamia ya picha kwa sekunde, wakati skrini yangu ni ya herzi 60 na haiwezi kuonyesha zaidi ya 60. Nikaiwekea kikomo cha 60. Kilio kimepungua, hakijaisha, na kila mteja anayeingia hapa hunishauri nibadilishe kadi.

Kwa hiyo nililipia 3600, natumia 3200, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyenidanganya. Nimebaki pia na feni mbili nzima kabisa ambazo hazihusiki na kesi hii. Anayezihitaji aje Turwa, bei maelewano.