Bunduki ya Bata na TV ya Chogo

Mama mkwe alipomaliza kliniki ya macho na kurudi Tanga, aliondoka na televisheni yetu. Hakuiba. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyeiviringisha blanketi, akaifunga kamba ya katani, akailipia mzigo stendi ya Magufuli na kuipakia kwenye buti la basi, kwa uso wa mtu anayesindikiza jeneza. Abiria waliokuwa pale walimsifu kwa kumjali mzazi. Akajibu, "Aa, kawaida tu." Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kikapu cha mama, nimejiziba mdomo kwa mtandio.

Ili mnielewe, inabidi nianze na bunduki.

Baba Salma ni mhasibu. Hanywi, havuti, mpira wa Simba na Yanga anausikilizia redioni na kulala. Kwenye kikoba chetu, wenzangu wakianza kuwasema waume zao, mimi nilikuwa nanyamaza kwa maringo. Halafu Jumamosi moja akatoka soko la Mchikichini, pale Karume, na kiroba. Ndani yake mlikuwa na mashine ya gemu iliyokuwa nyeupe zamani na sasa imegeuka njano, padi mbili zenye nyaya zilizosokotana, na bunduki ya plastiki. Akaipangusa ile bunduki kwa shati lake la kazini. Shati jeupe, nimelipiga pasi mwenyewe.

Nikaja kujua kwamba hiyo bunduki ana kesi nayo tangu utotoni. Mtaani kwao Tanga kulikuwa na nyumba moja yenye gemu. Mjomba wa pale alikuwa akifanya kazi Muscat, na likizo moja akaja nayo. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanapanga foleni barazani. Padi ulikuwa unapewa, ukifa unampisha mwenzio. Bunduki mwenye gemu hakumpa mtu. Baba Salma alikua, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akazaa watoto watatu, na siku zote hizo mimi sikujua kwamba nimelala na mtu anayedai zamu yake.

Mashine yenyewe ni ya kuiga. Ya asili ni Family Computer, iliyotolewa Japani na Nintendo mwezi Julai 1983. Huku kwetu zilizosambaa mitaani ni nakala za Taiwan na China, zenye majina ya kila aina. Najua pia kwamba Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata, kwamba iliuza mashine za aina ile karibu milioni 62, na kwamba ilikuja kuacha kuzitengeneza mwaka 2003. Haya yote nimeyajua bila kuuliza, nikiwa nimesimama jikoni nakaanga samaki na mafuta yananirukia.

Baada ya mashine zikaja kaseti. Za njano, za rangi ya machungwa, za bluu. Moja ilikuwa na karatasi inayojinadi kuwa ina gemu 9999. Sasa mhasibu humpi tarakimu ya namna hiyo ukategemea alale. Akakaa na daftari, akahakiki. Kumbe ni gemu chache tu zinazojirudia kwa majina mengine: Mario yuleyule, safari hii anaanzia hatua ya tatu, vifaru vilevile, vimebatizwa upya. Hazikufika hata thelathini. Alikasirika kweli, kwa ghadhabu ya ukaguzi, akaandika "hesabu hewa" pembeni ya daftari. Lakini kaseti hakuitupa. Aliitafutia mahali.

Mahali penyewe ni kabati langu la vyombo. Lile la vioo alilonipa mama yangu, lenye glasi za kicheni pati, birika la maua na sahani ambazo hazijawahi kuliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba Dar ina unyevu wa bahari, kaseti zina meno ya shaba, na shaba ikipata unyevu huota kutu. Kwa hiyo zinahitaji kabati lenye milango. Glasi, akasema, hazioti kutu. Glasi zangu zikaenda kwenye boksi chini ya kitanda. Nikamwambia ni kwa muda. Akaitikia kwa haraka iliyonitia wasiwasi.

Unyevu huohuo ndio uliomfanya apige marufuku kupuliza. Mliocheza zamani mnakumbuka: kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha, inawaka. Kumbe kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha, meno yakakamatana upya. Pumzi inaongeza mate tu. Dawa ni spiriti kwenye pamba na, kwa uchafu sugu, ufutio wa penseli. Pamba za masikio zikaanza kuisha nyumbani kwangu. Kisha mwalimu wa kijana wetu akaandika kwenye daftari kwamba mtoto anakuja shule bila ufutio, wazazi tafadhali tujali vifaa. Baba Salma ndiye aliyeusoma ule ujumbe, akatia saini, akamnunulia mtoto ufutio. Akanunua miwili.

Kisa cha beseni nitakipitisha haraka kwa sababu bado kinaniuma. Plastiki za zamani hutiwa kemikali ya kuzuia moto, na kemikali hiyo ikipigwa na mwanga kwa miaka ndiyo inayoleta ule unjano. Wapenzi wa gemu duniani kote huzirudishia weupe kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Yeye akaipata saluni, ile ya kupaushia nywele, akaichanganya na maji kwenye beseni, akazamisha maganda ya mashine na kuliweka uani juani. Adhuhuri akayatoa meupe kabisa, akaingia ndani kuyafuta akiwa anaimba. Beseni akaliacha. Dada wa kazi, binti mwenye bidii zake, akakuta maji masafi yameshawekwa, akatumbukiza kitenge changu cha harusi ya wifi. Kilipotoka, tausi wote walikuwa wamepata vitiligo. Baba Salma alikitazama, akasema angalau sasa tumejua ile dawa ni ya kweli.

Turudi kwenye bunduki. Jioni ya kwanza tuliketi sote sebuleni mbele ya TV yetu bapa, inchi 43, ya mkopo. Gemu ni Duck Hunt, ya mwaka 1984: mbwa ananusa majani, anaruka, bata wanapaa, unawalenga. Baba Salma akalenga. Akapiga. Bata wakaenda zao. Akasogea. Akapiga tena, mdomo wa bunduki umegusa kioo. Bata wakaenda zao. Mbwa akainuka kwenye majani, akatucheka. Kwa wasiomjua, mbwa huyu hana adabu. Ukikosa anaziba mdomo kwa mguu na mabega yanamcheza. Tulichekwa mpaka saa nne usiku.

Alikesha akisoma, na asubuhi, kabla ya chai, nikapewa somo. Bunduki ile haitoi kitu chochote, inatazama. Mdomoni ina jicho la kupokea mwanga. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Jicho likiona weusi ukifuatwa na weupe, bata amekufa. TV za zamani zilichora picha mstari kwa mstari, papo hapo mashine inapoituma. Hizi bapa huipokea picha, huifanyia kazi kwanza, ndipo zinaionyesha, na kile kiboksi kinapotokea jicho limeshafumba. Tena bunduki imetegewa mmemetuko wa mwanga wa skrini za zamani, ambao TV mpya hazina.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo, Mama Salma, tunahitaji TV ya chogo."

Tunahitaji. Mimi na yeye.

Ukitaka kujua jinsi mji unavyosahau, tafuta TV ya chogo Dar es Salaam. Matangazo ya analojia yalizimwa hapa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Watu wakanunua ving'amuzi, wakaendelea na machogo yao kwa muda, kisha bapa zikashuka bei na machogo yakaenda kwa mafundi, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au yakageuka stuli ya kuwekea ndoo. Alizunguka wikiendi kadhaa. Hatimaye fundi mmoja wa Temeke akamtolea moja, inchi 21, kutoka chini ya rundo la feni. Ikaja kwa guta, ikashushwa na watu wawili na mlinzi wa jirani. Fundi alikuja naye akatuonya tusifungue mgongo wake, maana ndani ya bomba la kioo umeme wa zaidi ya volti 20,000 unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Nikamwuliza mume wangu kama hicho ni kitu cha kuleta kwenye nyumba yenye watoto. Akasema hata friji ni hatari ukilifungua mgongo.

Ikawekwa chumba cha wageni. Siku ya kwanza bata walikuwa zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili. Kijana wetu alikuwa ameegesha sabufa ubavuni, na sumaku ya spika huvuta miale ya TV za aina ile mpaka rangi zikapotea njia. Sabufa ikaondolewa. TV ikazimwa, ikawashwa, ikatulia.

Na akampata. Bata wa kwanza alianguka kichwa chini, mbwa akainuka safari hii amemshika shingo, anaonyesha. Baba Salma hakushangilia. Alikaa kimya na bunduki mapajani, akasema polepole jina la yule mtoto wa Tanga mwenye gemu. Nami nilifurahi, siwezi kukataa. Halafu nikamwuliza kabati langu lini.

Wiki mbili tatu nyumba ikawa na raha. Watoto wakajifunza gemu ya Contra, ile ya makomandoo, na namba yake ya siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ukiibonyeza hiyo mwanzoni, maisha matatu yanakuwa thelathini. Ilibuniwa na mtunzi wa programu wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, kwa ajili ya gemu nyingine, Gradius, iliyokuwa inamshinda mwenyewe wakati wa kuijaribu. Watoto waliiimba bafuni, waliiimba mezani. Mama mkwe alipofika kwa ajili ya macho yake, usiku wa kwanza akawasikia, akaniambia amefurahi kuona wajukuu wanasomeshwa masomo ya dira.

Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Tulimlaza chumba cha wageni, pale pale ilipo TV. Sikufikiria lolote. Asubuhi nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo. Hebu niitie na mwenzio."

Baba Salma akaja na mswaki mdomoni. Mama alikuwa amekaa kitandani, kiganja chake kiko juu ya ile TV. Machozi yanamtoka, na daktari alikuwa amemkataza kulia. Akasema yake ya namna hii iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, na tangu hapo wanamtazamisha hizi nyembamba zinazomchoma macho, na yeye hakumwambia mtu kwa sababu hapendi kusumbua watoto. Kumbe mwanawe alijua. Kumbe alikwenda akamtafutia, na zenyewe hazipatikani tena.

Mume wangu alitoa mswaki. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama pazia.

"Ndiyo, mama," akasema.

Basi ndivyo chogo lilivyokwenda Tanga. Na kwa kuwa chogo lipo Tanga, kila mwisho wa mwezi Baba Salma naye yupo Tanga, na begi lenye mashine, kaseti na bunduki. Safari moja mlinzi wa stendi alilifungua begi, akaona kitako cha bunduki, akamtaka ajieleze. Akajieleza kuanzia mwaka 1983. Aliachiwa kabla hajafika kwenye kiboksi cheupe.

Shida ni kwamba TV ile ina matundu ya kuchomekea waya sehemu moja tu, na yamekaliwa na king'amuzi cha mama. Kwa hiyo gemu ikiingia, tamthilia inatoka. Mama ndiye mwenye nyumba. Ameweka utaratibu: tamthilia kwanza, kisha taarifa ya habari ya saa mbili, kisha chakula, na baada ya hapo mwanawe anaruhusiwa kuua bata mpaka mama asinzie. Yeye hachezi. Hukaa na tasbihi, akitazama, na huuliza swali moja ambalo Baba Salma hajalipatia jibu: hao bata, mkishawaua, nani anawala? Mtaa mzima unamtaja kama mfano. Wifi yangu alinipigia simu kunishukuru kwa kumruhusu kaka yake amtembelee mama mara kwa mara.

Sasa anatafuta chogo la pili. Amerudi kwa fundi wa Temeke, ameulizia Kariakoo, ameulizia Mbagala, amebandika tangazo getini kazini kwake. Anarudi jioni amechoka, viatu vumbi tupu.

Dada yangu wa Kigamboni analo. Inchi 21, linawaka vizuri, lina matundu pande mbili, limekaa stoo limefunikwa shuka, na kila nikivuka pantoni kwenda kumwona ananiomba nimwondolee. Baba Salma ameuliza nusu ya Dar es Salaam. Mimi hajaniuliza. Siku atakayoniuliza nitamtajia bei: kaseti zote ziwe chini ya kitanda kufikia magharibi, na glasi zangu zipanguswe kwanza kabla ya kurudishwa kabatini.