Mbuzi Aliyenipita Muhutwe

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilipitwa na mbuzi. Hakuwa akikimbia. Alikuwa amefungwa kwenye keria ya bodaboda, nyuma ya mama mmoja na mkungu wa ndizi, na alipofika usawa wangu akanigeukia, akanitazama kwa utulivu kama mkaguzi aliyekwisha andika ripoti. Mimi nilikuwa nasukuma. Jaketi la ngozi, glovu, buti za kufika magotini, kofia ngumu ya kufunika uso mzima, na pikipiki iliyokatika cheni, kwenye kilima cha karibu na Muhutwe. Dereva wa mbuzi alivaa kandambili.

"Pole waitu!" akapaza sauti. "Mafuta yameisha?"

Laiti yangekuwa mafuta. Mafuta humwishia hata mwenye akili.

Safari ilikuwa ya Mwanza: Bukoba, Muleba, Biharamulo, Geita, kisha kulivuka Daraja la Kigongo–Busisi, zile kilomita 3 juu ya maji zilizofunguliwa Juni 2025. Kila niliyemweleza mjini Bukoba alinionya jambo moja tu: joto. Sisi wa kando ya ziwa tumezoea mvua na kaubaridi. Ukikaribia Biharamulo, waliniambia, jua linakukaanga kama senene. Basi nikajiandaa wiki tatu kwa ajili ya joto, na maandalizi ndiyo yaliyoniponza.

Watu wa mikoa mingine hututania kwa jina la nshomile, yaani "nimesoma". Ni utani, ila safari hii ulinienea. Nilikaa na daftari nikawaza hivi: chuma kikipata joto hupanuka, cheni ni chuma, kwa hiyo cheni itarefuka njiani, italegea, itaruka meno ya sproketi. Dawa ni kuikaza mapema. Fundi wa kijiweni alikuwa ameiacha na ulegevu, ukiisukuma kwa kidole katikati inapanda na kushuka kama sentimita 3. Nikamwona mzembe. "Mzee, iache hivyohivyo," akaniambia. Nikaitikia kwa adabu, nikaenda nyumbani, nikatoa spana, nikaikaza hadi ikawa inalia kama uzi wa enanga.

Sasa nimelijua somo lote, na limenivutia kiasi kwamba nimemweleza kila aliyekaa karibu nami tangu Jumamosi, akiwemo mwanangu wa miaka sita. Gurudumu la nyuma la pikipiki limeshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo umefungwa kwenye fremu kwa ekseli yake, ili uweze kucheza juu na chini barabara ikiwa mbaya. Sproketi ndogo ya mbele, inayotoka kwenye injini, haipo pale mkono unapozungukia; imekaa mbele yake kidogo. Kwa hiyo kila gurudumu linapopanda au kushuka, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika. Pikipiki ikiwa tupu, gurudumu linaning'inia chini na umbali ni mfupi. Ukipanda wewe na mzigo wako, fremu inadidimia, na vitovu vitatu, yaani cha sproketi ndogo, cha mkono na cha gurudumu, vinakaribia kukaa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo umbali unakuwa mrefu kuliko wakati wowote, na hapo ndipo cheni inadai ule ulegevu iliyowekewa. Kumbe zile sentimita 3 zilikuwa akiba, na mimi nilikuwa nimeitumia yote kabla ya kuondoka.

Na joto je? Nimepiga hesabu, kwa kuchelewa. Cheni ya pikipiki kama yangu ina urefu wa takribani mita moja na nusu. Joto likiongezeka kwa nyuzi 30, chuma cha urefu huo hurefuka kama nusu milimita. Nusu milimita! Kwa hofu ya unene wa ukucha nikajinyima sentimita 3, kisha nikapakia dumu la maji la lita 20, hema, na sanduku la spana 24. Kwenye tuta la kabla ya kilima nikasikia mlio mmoja mkavu.

Yule kijana wa bodaboda aligeuza akarudi. Mama akashuka, mbuzi akafunguliwa, akaanza kula majani karibu na heshima yangu. Kijana akatoa mfukoni loki ya cheni iliyofungwa kwenye kinailoni, akaokota jiwe, na kati ya spana zangu 24 akatumia mbili. Alipomaliza akaniambia nikae juu ya pikipiki na mzigo wote, ndipo akaipima kwa kidole.

"Waitu," akasema, "cheni si kamba ya mbuzi."

Akakataa pesa ya kazi, akapokea ya loki tu.

Mengine madogo: maji yalipata moto kwenye dumu, ndani ya jaketi nikaiva kama ndizi ya kuvundikwa, na Muleba nikageuza.

Lakini kuna lisilonichekesha. Sproketi ya kijana yule ilikuwa imelika hadi meno yamechongoka kama ya papa. Pikipiki ni ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, mvua au jua, na kinachobaki hakitoshi kununua sproketi. Sheria inataka dereva na abiria wavae kofia ngumu. Yeye anayo moja, imepasuka, ya plastiki nyepesi ambayo isingelinda hata yai. Ndiye anayempeleka mjamzito kliniki usiku na mtoto shuleni asubuhi, na sisi tunamwita mhuni. Mimi niliyekuwa naenda kupiga picha darajani ndiye niliyevaa ngozi kuanzia shingoni hadi kidole cha mguu.

Daraja litanisubiri. Nawe ukitaka kusafiri, mkalishe mtu wa uzito wako juu ya pikipiki, weka na mzigo wako wote, ndipo upime cheni. Na fundi akikwambia iache hivyohivyo, iache.