Bibi Harusi wa Dhahabu

Kule Misisi, Fizi, wachimbaji huitafuta dhahabu shimoni kwa jasho. Mpiga video wa harusi yeye huipata bure sebuleni: anawasha balbu ya njano, na shela nyeupe inageuka dhahabu tupu. Dirishani unaingia mwanga wa mchana, basi shavu moja la bibi harusi linang'aa njano, la pili limeiva buluu. Kwa kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ile ni kelvini 2,800 hivi, mchana ni 5,500. Kamera itii mwanga upi? Funga pazia, fundi, kisha ionyeshe karatasi nyeupe chini ya balbu hiyohiyo, ijue nyeupe ndiyo ipi. Au karatasi imepanda bei kuliko kamera? Mama mkwe ameitazama video, anauliza kwa adabu: bwana harusi ameoa wangapi?