Barua ya wazi kwa CENI: afishi za Bulengera zinaomba ruhusa ya kushuka

Kwa Wakubwa wa Tume Huru ya Kitaifa ya Uchaguzi (CENI), nakala kwa Mheshimiwa Burugumesta wa Komini ya Bulengera, mjini Butembo.



Kuhusu kubandika afishi sina ugomvi nanyi. Kampeni ina siku zake 30, halafu wagombea wanafunga midomo saa 24 kabla ya kura. Mwaka 2023 mlifungua tarehe 19 Novemba, mkafunga tarehe 18 Desemba, tukapiga kura tarehe 20. Safi kabisa. Ninachouliza ni hiki: afishi ya uchaguzi ambao haukufika, inashushwa lini? Katika somo hilo Butembo na Beni tuna shahada, pamoja na ndugu zetu wa Yumbi.

Mwishoni mwa 2018 vijana wa kampeni walikuja usiku na ndoo ya kole ya unga wa muhogo, wakaufunika ukuta wangu toka mlangoni hadi chooni. Kuulizwa, sikuulizwa. Asubuhi nikakuta nyuso zinanichekea, kila mmoja na nambari yake kwenye mashine ya kura, kila mmoja na barabara yake ya lami. Nikavumilia; kura ilikuwa tarehe 30 Desemba.

Tarehe 26 mkatangaza kwamba sisi tungoje hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Kirusi kile kilikuwa na akili ya ajabu. Sokoni kilituacha tusongamane, kanisani kilituacha tuimbe bega kwa bega, kwenye mikutano ya wagombea kilituacha tupige makofi. Kumbe kilikuwa kinavizia foleni ya kura tu. Wenzetu wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe tarehe 30, na kabla ya kupiga kura wakanawa mikono, kama tulivyofundishwa.

Tarehe 24 Januari 2019 Rais aliapishwa Kinshasa bila kura zetu. Kwenye ukuta wangu kinyang'anyiro kilikuwa bado kimepamba moto. Februari nzima wagombea urais waliendelea kuniomba kura. Tarehe 31 Machi, tulipokwenda kuchagua wabunge, tuliwapita tumeinamisha macho kama mtu anayempita mdai wake.

Sasa nishaurini. Nikiichana afishi, nimemhujumu mgombea? Nikiiacha, nafanya kampeni nje ya muda? Mbuzi wa jirani hakungoja jibu. Kole ya muhogo ilimnogea, akala wa serikali na wa upinzani bila kubagua. Kama kuna faini, mwenye mbuzi namjua. Zile bashe kubwa za kampeni nazo zilipata kazi: moja ikawa paa la mama anayeuza makaa, na yule mheshimiwa aliyechapwa juu yake akawa wa kwanza kutufanyia kitu kinachoonekana. Mvua ya Butembo mnaijua.

Mwenyekiti wenu wa wakati ule, Bwana Corneille Nangaa, ndiye aliyeona huku si salama kwa kura. Tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya uchaguzi uliofuata, akazindua mjini Nairobi muungano wake wa AFC, waasi wa M23 wakiwemo. Usalama wa mkoa wetu wa Kivu Kaskazini sasa anaushughulikia kwa karibu zaidi. Safari hiyo sisi tulipiga kura. Ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru kukosa.

Kwa hiyo naomba kanuni mpya, fupi tu. Kila afishi itakayobandikwa mkoani kwetu iandikwe chini, kwa herufi za kusomeka: "Uchaguzi ukifika." Na anayeahirisha kura aje mwenyewe na brashi kubandua alichokiahirisha, aanzie kwangu. Ngazi ninayo. Maji ya kulowanisha kole, hayo tutaongea na Mheshimiwa Burugumesta.

Wenu mtiifu,
Mwenye ukuta, Bulengera