Namba 40 Iko Wapi?

Mimi nimelelewa na oili namba 40. Dar es Salaam ya enzi zile oili zilikuwa chache na kila moja ilijua kazi yake: 40 ya injini, 90 ya difu, na ile nyekundu ya gia za otomatiki. Ulikwenda dukani ukanunua galoni, ukakagua sili, ukaifungua mwenyewe pale gereji ya Gerezani fundi akikutazama. Ukishamimina, unalitoboa galoni kwa bisibisi ili wahuni wasilijaze uchafu na kumuuzia mwingine. Uaminifu haukuhusika kabisa. Kila mtu alimshuku mwenzake kwa adabu, na gari lilitembea.

Sasa nakaa Rooty Hill, magharibi mwa Sydney, na gari letu la Kijapani limekuja na kitabu kinachosema litiwe 0W-16. Kumi na sita! Nimeimwaga kidogo kiganjani, ikapita katikati ya vidole kama mafuta ya alizeti. Hii ndiyo ilinde chuma kinachozunguka mara elfu tatu kwa dakika?

Nikaanza kusoma, jambo ambalo mke wangu, Mama Zuhura, analilaumu hadi leo. Kumbe hata hao SAE, chama cha wahandisi wa Marekani cha tangu 1905 kinachopanga hizi namba, hawakuwa na 16 kwenye jedwali lao mpaka 2013. Waliiongeza kwa sababu viwanda vya magari vinabanwa na serikali vipunguze unywaji wa petroli, na oili nyepesi haiisumbui injini sana inapozunguka. Namba ya nyuma ya W ni uzito wa oili injini ikishapata moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100. Ya mbele ni habari ya baridi. Oili yenye 0W inatakiwa ipampike hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Huku kwetu, asubuhi mbaya kabisa ya Julai, kioo cha gari kinapata ukungu wa barafu na watu wanaulalamikia mpaka saa nne. Nyuzi 40 chini ya sifuri zikifika Rooty Hill, nitakuwa na mengine ya kuhangaikia kabla ya oili.

Haya, nimekubali. Oili nyepesi inapanda juu ya injini upesi unapowasha, na dakika ile ya kuwasha ndiyo yenye msuguano mbaya. Isitoshe, ukurasa wa pili wa kitabu unaruhusu 0W-20 na hata 5W-30. Kwa hiyo namba hainikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni kujua ni kitu gani hasa kimeingia mle ndani.

Kwa wakala rasmi, hapa Australia, galoni hulioni. Hakuna galoni. Oili iko kwenye mapipa ya lita 205 nyuma huko, inakuja kwa mpira unaoning'inia darini, na mwisho wa mpira kuna bastola yenye kijimita cha kuonyesha lita. Kijana anavuta, anabonyeza, mpira unarudi juu wenyewe. Wewe uko nyuma ya kioo, kwenye kochi, unatazama televisheni ya mapishi. Ukijaribu kuvuka mstari wa njano unaambiwa bima hairuhusu. Badala ya kukuonyesha gari lako, wanakutumia video kwenye simu: fundi anamulika tochi chini, anasema matairi mazuri, breki nzuri, ila filta ya hewa ya ndani imechafuka. Ile filta kila mwaka imechafuka. Inabadilishwa kwa kufungua kisanduku cha mbele ya abiria na kubana vishikizo viwili, kazi ya mtoto, na wanaitoza kana kwamba wamefungua moyo.

Mara ya mwisho nilijiandaa. Nilichukua rangi ya kucha ya Mama Zuhura, ile nyekundu ya Idi, nikaweka nukta kwenye filta ya oili. Gari liliporudi nikalala chini na tochi. Nukta haipo, filta mpya inang'aa. Sitawaficha, nilivunjika moyo kidogo. Mtu ukishajiandaa kuibiwa, halafu usiibiwe, unabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Basi nikavuta stiki, na hasira ikapata pa kwenda. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Nikachukua ankara: 5W-30, lita 5. Injini yangu, pamoja na filta, inakula lita 4.3. Oili ikizidi mno inafikia krenki, krenki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Nikarudi mapokezi.

“Kaka, hii injini inachukua lita 4.3. Mmeandika 5.”

Kijana akatazama kompyuta. Akaniambia kwa tabasamu kwamba mfumo unaandika 5.

“Na zimeingia 5?”

“Mfumo unaandika 5.”

Nikamwuliza kwa nini 5W-30 na si 0W-16. Akasema ni oili nzuri sana, wanaitia magari yote. Hapo ndipo nilipoelewa lile pipa. Pipa moja la lita 205 haliwezi kujua gari langu na gari la jirani yangu. Kitabu kinairuhusu, kweli, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Lakini mimi nimelipia huduma ya kampuni iliyoliunda gari, nikapewa oili ya jumuiya. Waliipunguza, nakubali, tena bila malipo, na wakanitumia video ya kuipunguza.

Mtanishauri nibadilishe mwenyewe nyumbani. Nyumba ni ya kupanga. Mkataba unasema zege la kuegeshea gari lisiwe na madoa ya oili, na dalali ana haki ya kuja kukagua hadi mara nne kwa mwaka, mradi atoe taarifa ya maandishi siku saba kabla. Huyo mwanamke anapiga picha hata za ndani ya oveni. Halafu oili chafu uipeleke wapi? Kwetu ingepakwa kwenye nguzo za uzio na mchwa wangehama mtaa. Huku mchwa wapo, tena walafi kuliko wa Kibaha, lakini oili chafu inapelekwa kituo cha kurejeleza taka, ukaikabidhi kwa heshima kama hati ya kiwanja. Kuimwaga kwenye mtaro wa mvua ni kosa la kupigwa faini, na ni haki.

Kilichonifunga kwa wakala muda wote huo ni waranti. Kila mtu msikitini na kila mtu kwenye vikao vya harusi anarudia: ukigusa gari nje ya wakala, waranti imekufa. Si kweli. Sheria ya kumlinda mlaji ya Australia, inayofanya kazi tangu Januari 2011, haimruhusu mtengenezaji kukunyima waranti kwa sababu tu gari limehudumiwa na fundi wa nje, ilimradi fundi ana sifa, amefuata maelekezo ya kitabu, na vifaa na oili ni vya kiwango kinachotakiwa. Na tangu Julai 2022 kuna mpango wa kisheria unaowalazimu watengenezaji wawauzie mafundi wa nje taarifa za ufundi. Hayo hakuna anayekupigia video.

Nikahamia Mount Druitt, kituo kimoja tu cha treni, kwa fundi Mkongomani wa Bukavu mwenye leseni ukutani na muhuri wa kitabu cha huduma. Chupa nanunua mwenyewe, 0W-16, zikishuka bei; maduka ya vipuri ya huku yana tabia ya kuuza dola 80 wiki hii na 45 wiki ijayo, kwa hiyo ukinunua bila punguzo umejitakia. Sili naivunja kwa mkono wangu. Raha ya zamani imerudi.

Tatizo jipya ni kwamba fundi haipendi oili yenyewe.

“Papa, hii ni maji,” ananiambia kila mara. “Hapa kuna joto sana. Tutie 10W-40, motere ilale vizuri.”

Joto lipo, simbishii. Tarehe 4 Januari 2020, Penrith, majirani zetu wa huku magharibi, walifika nyuzi 48.9. Lakini namwambia thamostati inaishika injini palepale karibu na 90, jua liwe kali au mvua inyeshe. Ananisikiliza hadi mwisho, anajifuta mikono, anasema, “Papa, unasoma mingi,” na namwona akilitupia jicho lile pipa lake dogo la kona.

Na chupa ni za lita 5. Kila huduma inabakiza kidogo, na vibakizo nimevipanga gereji nyumbani, juu ya rafu, kila kimoja na tarehe yake. Wiki iliyopita ripoti ya dalali imekuja na picha zake: “Gereji: chupa za oili zilizofunguliwa. Tafadhali ziondolewe kabla ya ukaguzi ujao.” Mama Zuhura ameisoma kwa sauti mara mbili. Nimempigia fundi kumwomba ushauri. Anasema nimletee zote, atazichanganya na ile yake nzito.