Nani Ametutoka?

Anayetaka kupika pombe nyumbani kimyakimya asianze na mbege. Aanze na wanzuki: asali, maji na ndoo yenye kifuniko vinajificha nyuma ya mlango wa stoo, na jirani hanusi kitu. Mbege inataka ndizi mbivu za kujaza sufuria ya shughuli, inataka ulezi ulioota, gome la msesewe, moto wa kutwa nzima, na watu. Vile vinne vya kwanza nilivipangia bajeti. Watu walikuja wenyewe.

Mimi ni Mchaga wa Dar es Salaam. Maana yake Desemba napanda mlimani, nakula nyama, nabishana na binamu zangu kuhusu mpaka wa kihamba, Januari narudi Kimara kutafuta ada za watoto. Mbege nimeinywa miaka mingi, lakini kwetu kuipika ni kazi ya akina mama, na wanaume wengi tunaijua hatua yake ya mwisho tu. Mwaka huu nikaingiwa na tamaa ndogo. Nilitaka mbege yangu iwe kwenye friji, chupa zimepangwa mstari, nikitoka kazini nafungua moja, naketi barazani, simwaliki mtu.

Nikampigia shangazi yangu Marangu.

“Baba, unaipika ili uiweke?”

“Ndiyo, shangazi. Kwenye friji.”

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. “Haya,” akasema. “Anza na ulezi.”

Ulezi wa mbege lazima uwe punje nzima na uwe hai. Unaulowesha, unauchuja, unaufunika kwa gunia bichi mahali penye giza mpaka utoe vimizizi, kisha unauanika juani na kuusaga. Huko kuota ndiko kunakoamsha vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha chachu. Usipouotesha, una unga wa uji tu. Haya yote niliyajua. Nisilolijua ni kwamba katika jiji hili mwanaume anayenunua ulezi kilo kumi ana maelezo mamoja tu.

“Hongera!” muuzaji wa Tandale alipaza sauti. “Wa kiume au wa kike?”

Nikataka kumwambia ni wa pombe. Lakini pembeni yangu alisimama mama mmoja wa jumuiya yetu, anayeongoza sala siku za Jumamosi, ananitazama kwa furaha. Nikasema, “Asante.” Muuzaji akaniongezea kibaba cha bure kwa ajili ya mzazi. Jioni yule mama alipiga hodi kwangu na kuku wa supu, akamkuta mke wangu uani anafua mashuka, amejifunga kanga, tumbo limelala kama meza. Kuku tulimpokea. Maelezo hayakutosha, maana mtaani walishaanza kuulizana mbona mtoto halii.

Ulezi wenyewe ulikataa kuota, ukaota ukungu. Nikautupa na kutafuta mwingine, safari hii usiku, sokoni kwingine.

Ndizi nilizifuata Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi. Hakimu wa pale simjui, ila bei ikishatamkwa haina rufaa. Nikazilaza stoo chini ya magunia ziive mpaka zilainike kabisa, na hapo ndipo vijinzi vidogo vya matunda vya Kimara nzima vilipofanya mkutano mkuu nyumbani kwangu. Mke wangu hakusema neno. Alihamishia mswaki wake chumbani.

Kisha msesewe. Ni gome la mti mkubwa ambao wataalamu wanauita Rauvolfia caffra, na uchungu wake hausimuliki. Linaipa mbege ule ukali unaokata utamu wa ndizi, kazi ileile ambayo Wazungu wameipa hopsi kwenye bia. Wenzetu wa Bavaria walilipeleka jambo hili hadi kwenye sheria: mwaka 1516 watawala wao waliamuru bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji basi. Chachu hawakuitaja, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyejua ni kitu gani. Ilibidi wasubiri karne ya 19, hadi Louis Pasteur alipoonyesha kwamba ni viumbe hai ndivyo vinavyofanya kazi yote. Mimi nawaonea huruma wale watawala. Kutunga sheria ya pombe bila kumtaja mpishi mwenyewe!

Shangazi alinitumia msesewe kwa basi. Ili kondakta asiutupe akidhani ni kuni, akaufunga kwenye gazeti na kuandika kwa kalamu nene: DAWA. Pale Stendi ya Magufuli, karani wa mizigo aliunusa, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akashusha sauti. “Pole, kaka. Ni figo?” Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishaona wengi wakikana, akaniandikia namba ya mtaalamu wa Tanga. Bodaboda aliyenirudisha nyumbani ni kijana wa mtaani kwetu. Hakuuliza kitu njia nzima, na nauli akanipunguzia. Hapo nilipaswa kushtuka.

Ndizi za mbege huchemshwa kwa saa nyingi, mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu ya kahawia. Nilianza na jiko la gesi, kama mtu msomi. Mtungi ukaisha maji hayajabadilika hata rangi. Mke wangu akaniuliza kama najua bei ya mtungi, nikamjibu najua, akaniuliza tena kama najua bei ya *huo* mtungi. Nikahamia uani kwenye mafiga na kuni. Sufuria yetu ilikuwa ndogo, nikaazima ile kubwa ya kikundi cha akina mama, inayokaa pamoja na viti vya plastiki vya mtaa. Ukiazima unaandika daftarini jina, tarehe na sababu. Kwenye sababu nikaandika: “Shughuli ya kifamilia.” Na kwa kuwa jua la saa nne lilikuwa linanichoma utosi, nikafunga turubai.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona. Turubai, sufuria kubwa, moto wa kuni tangu alfajiri, kwenye nyumba ambayo wiki hiyohiyo imesemwa kuna mzazi na kuna mgonjwa. Mimi sikuona, nilikuwa nakoroga.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama wa nyumba ya tatu, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, anatembea polepole. Moshi ulikuwa umenijaa machoni, machozi yananitiririka, na kila nikifungua kinywa nakohoa. Akanikumbatia.

“Nani ametutoka, baba?”

Nikakohoa.

“Mama au mtoto?”

Ndipo mke wangu akatoka ndani na ndoo ya maji. Yule mama alipiga ukelele ambao sidhani umewahi kusikika upande huu wa Morogoro Road, na ukelele huo ndio uliowaleta waliokuwa bado wanatafuta viatu. Mpaka tunamaliza kumpepea, uani kulikuwa na watu tele kama harusini, viti vya plastiki vimepangwa, na mzee mmoja amekwishafungua daftari la rambirambi ukurasa mpya.

Kuchangisha rambirambi ni rahisi. Jaribu kuirudisha. Kila niliyempelekea fedha yake alirudi nyuma akisema shika tu, itafaa baadaye, kauli ambayo ukiwa mzima wa afya haikupi raha. Mwishowe kamati, maana kamati ilikuwa imekwishaundwa, iliamua fedha inunue nyama. Wakala. Wakachungulia sufuria. Swali likatoka kwa pamoja: “Inakuwa tayari lini?” Nikasema Jumamosi.

Mjumbe naye alifika, akiwa na uso wa kazi, kuuliza kama hapa panapikwa gongo. Lilikuwa swali la haki. Gongo hukenekwa: pombe inachemshwa, mvuke unakusanywa na kupozwa, na kutengeneza hiyo ni kosa hata usipouza. Mbege haikenekwi, inachachuka tu na kunywewa. Na kama ningetaka kuiuza ningehitaji leseni. Nilimweleza yote hayo, akaandika, akasema itabidi ajiridhishe kwa kuonja itakapoiva. Akaandika na tarehe.

Ndizi zilizochemshwa hukaa siku kadhaa zikichachuka. Baadaye unazivuruga kwa maji na kuzichuja. Ulezi unaupika uji mwepesi, unautia msesewe, ukipoa unachanganya na ile juisi, na kesho yake una mbege. Nilichanganya Ijumaa mchana. Nilionja usiku na kuona imeanza kujisikia. Basi nikaamua watu wa Jumamosi wapate nusu, na nusu ya pili nikaimimina kwenye chupa za soda, nikakaza vifuniko, nikazilaza friji. Ndoto yangu ilikuwa imetimia kwa muda usiozidi usingizi wa kwanza.

Chachu haijui saa za kulala. Inakula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi lazima itoke. Bia ya kiwandani kwa kawaida huchujwa na kupashwa moto ili chachu isiendelee na kazi. Mbege unainywa ikiwa hai. Baridi ya friji huipunguzia mwendo tu, na friji yangu ni ya mtumba. Saa nane za usiku mlango wake ulifunguka kwa kishindo. Chupa ya pili ilifuata, ya tatu ikaruka mpaka sebuleni, na mtoto wangu mdogo akaanza kusali kwa sauti. Mbege ilipita chini ya mlango, ikafuata mteremko wa korido, ikaingia upande wa mama mwenye nyumba na kulowesha zulia lake.

Asubuhi nilimpigia shangazi. Hakucheka hata kidogo. “Baba, mbege haiwekwi. Ukiiweka inakuwa kali, kesho yake siki. Sasa ita watu.”

Ndipo nikaielewa Uchaga yote kwa mara moja. Mbege kwenye mahari, mbege kwenye matanga, mbege kwa fundi, mbege ya kumwomba mtu msamaha: tumezoea kusema wazee wetu walikuwa wakarimu, na walikuwa, lakini pia walikuwa na mapipa yanayochachuka. Mtu aliyepika leo hana budi kuwa na marafiki kesho.

Kwa mama mwenye nyumba nilikwenda na jani la isale, kama mila inavyotaka. Kwetu aliyeletewa isale anatarajiwa kusamehe. Nililinunua kwa wauza miche wa barabarani, ambako linauzwa kama pambo la ofisi, hivyo lilikwenda na chungu chake. Yeye ni mtu wa Lindi. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akauliza linamwagiliwa mara ngapi kwa wiki. Amenisamehe, na kodi imepanda.

Jumamosi walikuja wote, kila mmoja na kikombe chake. Nilionja wa kwanza mbele yao, kama mwenye pombe anavyopaswa, ili kuwaonyesha haina sumu. Ilikuwa kali kidogo, msesewe umezidi, na ndizi hazikuchujwa vizuri. Mjumbe alijiridhisha mara nne. Mama wa jumuiya, ambaye hanywi, alikunywa kwa sababu ya mafua. Kufika saa kumi na moja pipa lilikuwa tupu na hakuna aliyekumbuka kulisafisha.

Napika tena mwisho wa mwezi. Mtoto hajazaliwa, mimi ni mzima, na hakuna aliyetutoka. Turubai ni la jua tu. Ukipita Kimara ingia. Kikombe njoo nacho, na usije na rambirambi.