Saa Kumi ya Kiganjani

Mtu aliyezaliwa Kongwa, katika nchi ya mibuyu na upepo mkavu, ambako mvua huja kama mgeni wa heshima asiyeulizwa alikuwa wapi muda wote huo, hana budi kusamehewa akifika chuoni Dar es Salaam na kudhani kwamba bahari ni lambo la kunyweshea ng'ombe lililozidi kiasi. Ndivyo nilivyodhani mimi katika miaka ya 1980, nilipojiandikisha katika somo la mwanzo la elimu ya bahari, kwa sababu ambayo sitaificha: vipindi vyake viliafikiana na usingizi wangu.

Siku ya kwanza tuliambiwa kwamba lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35. Wenzangu wa pwani waliandika wakatulia. Mimi niliingiwa na simanzi, nikiwakumbuka ng'ombe wa babu, wanaolamba chumvi kwa kupimiwa, ilhali huku mali hiyo imemwagwa bure hata upeo wa macho. Nilimwandikia babu habari hiyo. Alijibu kwa kuuliza kama ng'ombe wanaruhusiwa.

Tulipofika kwenye mlango wa maji kupwa na kujaa, nilijiona nimekuwa alimu. Nilihifadhi kwamba mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huvuta pamoja na jua ikapatikana bamvua, na kwamba pwani yetu maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Kwa hifadhi hiyo wenzangu watano wakanitawaza msimamizi wa wakati, tulipopewa kazi ya kwenda Kunduchi kuhesabu konokono walio mwambani ndani ya mraba wa mbao wa mita moja kwa mita moja, kazi isiyowezekana ila maji yakiwa yamekupwa.

Jedwali lilisema kupwa ni 10:00. Nikainakili 10 kiganjani, na siku ya pili nikakisoma kiganja changu kama anavyosoma Mswahili yeyote: saa kumi. Ikanipitia kwamba jedwali lile lilihesabu kwa desturi ya Kizungu, ambayo kumi yake ya asubuhi ni saa nne yetu. Tazama basi jinsi kadhia ilivyojipanga: tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita, na bahari nayo, kutoka kupwa hata kujaa, huchukua saa sita na ushei. Laiti ningekosea kwa saa tatu tungekuta maji nusu. Lakini mimi nilikosea kwa ukamilifu.

Tulifika alasiri, na mwamba haupo. Mwenzetu mmoja aliuliza konokono wako wapi. Nikamjibu, kwa utulivu wa kitaalamu, kwamba tungoje kidogo. Tukangoja. Likaja wimbi, likautwaa mraba wetu mikononi mwetu, likaenda nao bila pupa.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mashua yake.

"Marahaba, mwanangu. Mlango wenu huo unakwenda zake." Kisha akauliza ni nani aliyetuambia maji hukupwa alasiri, ilhali mwezi ulikuwa mpevu juzi, na siku za bamvua hapa maji hujaa alasiri na alfajiri, jambo ambalo mjukuu wake asiyejua kusoma analijua. Nikamwonyesha kiganja.

"Watoka wapi?"

"Kongwa, mzee."

Alicheka hata akaiweka nyundo chini. Kumbe ujanani alikuwa kibarua huko, katika ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza 1947 na kuukatia tamaa 1951, pauni milioni 36 na zaidi zikiwa zimekwisha potea. Aliwaona mabwana wakilima kwa makaratasi, mvua isiyasome, na udongo ukikauka ukawa kama saruji, karanga zikagoma kutoka.

"Makaratasi yale," akasema, "kumbe hamkuyatupa."

Kesho yake tulirudi saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, maana maji huchelewa kila siku kadiri ya dakika 50, na safari hii mzee ndiye aliyetuhakikishia saa. Mwamba ulikuwa wazi. Mraba wetu tuliukuta umekwama katikati yake, na ndani yake konokono watatu, ambao tuliwahesabu papo hapo bila kuugusa.